Mshika Ufunguo

Kazi yangu ni kusimamia mipangilio ya programu inayofunga mafaili ya ofisi yasisomwe na wa nje. Kompyuta ni sitini na mbili, na kila mtumiaji huchagua mtu mmoja wa kumshikia ufunguo wa akiba, akisahau nywila asije kulia mlangoni kwangu. Kila wanapobadilisha nywila, programu huwauliza: huyu abaki? Wanabonyeza ndiyo bila kusoma. Nimewasema mpaka koo likakauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Leo bosi ameagiza funguo zote zishikwe na ofisi. Nimefuta majina moja moja nikinung'unika, mpaka nikafika kwa mhasibu wa tawi la pili. Ni mtalaka wangu. Tuliachana miaka minne iliyopita, na tangu hapo amebadilisha nywila mara kumi na tisa. Mshika ufunguo wake bado ni mimi.

"Vipi, umemaliza?" bosi ameuliza.

"Bado mmoja."

Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta. Ndiyo kumi na tisa. Mungu wangu, hata mara moja tu, awe amesoma kabla ya kubonyeza.