Nyumba Iliyolala kwa Mwongera

Asubuhi ambayo karani wa utafiti wa ofisi ya mikopo ya nyumba alitarajiwa, Igoki alikama ng'ombe, akachuja maziwa kwa kitambaa, akawafungulia kuku, kisha akaenda kuitafuta nyumba. Aliikuta ng'ambo ya ua, juu ya viazi vya jirani yake Mwongera, imeinuka hewani kimo cha ndama. Umande ulikuwa umekauka kote isipokuwa pale chini yake.

Mwongera alikuwa amechuchumaa kivulini mwake akipalilia.

"Imeamkia kwangu tena," alisema bila kuinua kichwa. "Ikizoea nitaidai kodi."

"Idai. Mwenyewe yuko ofisini Nairobi."

"Kumbe. Mimi nilifikiri mwenyewe ni wewe."

"Mimi ni mchungaji wake tu," Igoki alisema, akaanza kuikusanya kamba.

Ilikuwa kamba ya kufungia ng'ombe. Upande mmoja ulifungwa kwenye mlango wa mbele, na upande wa pili kwenye nguzo ya mtarakwa ndani ya kiwanja chake. Usiku upepo wa mlimani ulikuwa umelilegeza fundo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, yenye vyumba vitatu na mabati ya rangi ya udongo. Ilijengwa kwa mkopo wa serikali ambao mume wake, Salesio, aliutia sahihi. Siku ya kwanza ya ujenzi, mwanakandarasi aliwaambia vibarua wake wapange mawe juu ya nyasi. Salesio aliuliza msingi uko wapi. Akaambiwa kwamba mkaguzi amekwisha kuupitisha, na kwamba kama hataki nyumba, wapo wengi wanaongoja nafasi yake. Salesio alitaka nyumba.

Ilipokamilika alikuwa tayari mgonjwa. Hata hivyo aliipaka rangi ya ndani mwenyewe, rangi nyeupe ya maziwa. Alikuwa akipaka kipande cha ukuta, anaketi, anakohoa, anaangalia alichopaka, kisha anaendelea. Alilala mle mpaka mvua za masika zilipomchukua. Muda wote huo nyumba ilikaa chini. Jioni ya mazishi, wageni wakiwa bado wanakula, ndipo ilipoinuka. Gatakaa, dada yake Salesio, alienda akaondoa sahani zilizokuwa barazani zisije zikaanguka, akaleta chai.

Tangu siku hiyo Igoki alirudi kulala katika jiko lake la zamani la mbao. Hakuwa peke yake. Kijiji kizima cha Kiirua kilikuwa na nyumba kama hizo, na watu walikwisha kuzizoea. Waliokuwa na nafasi walizifunga kwenye mikaratusi. Wengine walianika nguo kwenye kamba ileile.

Lakini ofisi ilikuwa na sheria yake. Nyumba iliyokutwa nje ya kiwanja cha mkopaji iliandikwa kuwa imehamishwa, na nyumba iliyohamishwa ilirudi kwa ofisi. Igoki hakuogopa kulala jikoni. Alikuwa amelala humo karibu maisha yake yote ya ndoa. Aliogopa mtu mwingine apewe zile kuta, naye azipake rangi ya kijani.

Karani alifika kwa bodaboda kabla kamba haijakusanywa nusu. Alikuwa msichana wa Kinoru aitwaye Veronicah, mwenye koti zito na kishikwambi kifuani kama anayebeba mtoto. Alisimama uani, akatazama upande wa viazi.

"Ni ile, mama?"

"Ni ile."

Veronicah alifikiri kidogo. "Basi mimi sijaiona," alisema. "Niliyoiona wiki iliyopita Runyenjes ilikuwa imenasa kwenye mti wa makadamia, na nikaiandika nilivyoikuta. Yule mzee hajanisamehe. Leo nitaanza na maswali ya mwisho. Nikifika la kwanza, la mahali nyumba ilipo, nitainua macho."

"Utakunywa uji?"

"Nitakunywa."

Wakaingia jikoni. Gatakaa alikuwa huko akimenya viazi, maana tangu kaka yake azikwe hakuwa amerudi kwake kwa zaidi ya kubadilisha nguo. Karani alipewa kigoda na kikombe, akauliza maswali yake. Maji wanayatoa wapi. Taa wanawasha ya nini. Paa linavuja au halivuji.

"Mnapikia wapi?"

"Hapa," Igoki alisema.

"Kwenye nyumba mpya je?"

"Kuna meko ya gesi. Kijana wangu Kaimenyi aliyaleta. Hatujawahi kuyawasha. Sikutaka moshi wala mvuke kwenye rangi ya baba yake."

"Kwa hiyo niandike moto haujawahi kuwashwa ndani."

"Andika."

Veronicah aliandika. Gatakaa aliacha kumenya, kisu kikabaki ndani ya kiazi.

"Sema tena," alimwambia karani.

"Moto haujawahi kuwashwa ndani."

Wanawake wawili wakatazama yale mafiga matatu, meusi, yaliyobeba sufuria ya uji. Katika nchi ile nyumba mpya haiingiwi mikono mitupu. Mke huchukua makaa kutoka moto wa nyumba kuukuu, akayabeba kwa kigae mpaka ya mpya, na mafiga yakafuata. Mama yake Igoki alifanya hivyo, na nyanya yake. Lakini siku ya kuhamia Salesio aliingizwa akiwa ameshikiliwa mabegani, na kila mmoja akawaza juu ya kitanda, blanketi na dawa. Moto haukumjia mtu akilini.

"Tumeiweka nje kama mgeni asiyepewa kiti," Gatakaa alisema. "Ningekuwa mimi ndiyo nyumba hiyo, sasa ningekuwa nimefika Isiolo."

"Wifi, tutaziharibu kuta."

"Kuta za wapi? Zile zilizo kwa Mwongera?"

Igoki aliiepua sufuria.

Kwanza waliivuta nyumba. Mwongera aliulaza ua wa mpakani ili ipite, akashika kamba mbele, Gatakaa nyuma yake, na Veronicah akaweka kishikwambi juu ya pipa la maji akaja kushika mwisho.

"Hii sikufundishwa kwenye semina," alisema.

"Vuta," Mwongera alimwambia. "Semina ndiyo hii."

Nyumba ilikuja polepole, bila ukaidi, mapazia yakipepea. Walipoifikisha juu ya kile kistatili cha nyasi zilizokauka pale ilipojengwa, Mwongera aliizungushia nguzo kamba, akaegemeza ngazi mlangoni. Igoki alipanda na kigae cha makaa. Kisha wakampa mafiga, moja baada ya jingine, yakiwa yamefungwa kwa gunia kwa sababu yalikuwa bado ya moto.

Aliweka figa la kwanza kwenye saruji ya sebuleni. Pembe ya mbele ya nyumba ikashuka, ikagusa ardhi. Akaweka la pili, na pembe ya upande wa jiko la gesi ikafuata. La tatu likaishusha pembe ya nyuma. Akawasha moto katikati kwa vijiti vya mkaratusi. Moshi ulipanda, ukazunguka ukitafuta njia, ukalala kwenye ukuta mweupe juu ya dirisha na kuacha alama kama ya kiganja. Igoki aliitazama. Hakuifuta.

Pembe ya nne, ya chumba cha kulala, ilibaki juu. Ungeweza kupitisha kikombe chini yake.

Gatakaa aliingiza gunia la viazi na kuliweka kwenye pembe hiyo. Haikushuka. Mwongera akaenda kusimama pale.

"Imeshuka?" aliuliza kwa sauti.

"Bado," Veronicah alijibu kutoka nje.

"Na vile nimekula."

Akatoka akiwa amefedheheka kidogo. Gatakaa alimtazama wifi yake, kisha akatazama moto. "Mama Kaimenyi," alisema taratibu, "mimi nimeingia chumba kile kufagia. Mwongera ameingia. Nani hajaingia?"

Igoki hakuwa ameingia tangu walipomtoa Salesio. Alipanguza mikono kwa leso, akaenda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Upande wa ukutani, godoro lilikuwa bado limebonyea mahali pa mgongo wake, na juu ya ukuta, karibu na mto, palikuwa na kipande kidogo ambacho brashi ilikiruka. Alikuwa amemwambia mara nyingi akimalize, naye Salesio alikuwa akisema kesho.

Aliketi upande wake Salesio. Godoro lilimpokea. Alikaa hapo, akafunika uso kwa leso, na kwa kuwa hakuna aliyemwita, akalia vile ambavyo siku ya mazishi, na wageni wale wote na sahani zile zote, hakupata nafasi ya kulia. Wakati huo alihisi sakafu ikishuka chini ya miguu yake kama ng'ombe anavyolala, kwanza mbele, kisha nyuma, na mwishowe pumzi ndefu.

"Mama," Veronicah aliita dirishani. "Usiinuke kwanza."

"Siinuki."

Karani alizunguka nyumba, akasimama kila pembe mpaka kishikwambi kiliposoma mahali pake na kulia. Kisha akainua macho rasmi, akaitazama nyumba kama mtu anayeiona mara ya kwanza. "Ipo," alisema, akabonyeza.

Igoki alipotoka nje alijiona mwepesi, na njaa imemshika. Hakuwa amesikia njaa tangu masika.

"Limebaki swali moja," Veronicah alisema. "Msingi. Mzuri, wa kadiri, au mbaya?"

"Haupo. Andika hivyo."

Veronicah alijaribu. Akajaribu tena, kisha akamgeuzia kioo aone mwenyewe. Jibu lilikuwa limekwisha kujazwa na ofisi ya mkaguzi tangu kabla ya ujenzi: mzuri. Neno lenyewe lilikuwa la kijivu, na kidole hakikuweza kulisogeza.

"Nimeuliza," Veronicah alisema.

"Umeuliza, mwanangu. Kunywa uji wako, umepoa."

Aliunywa, akapanda bodaboda, akaenda. Mwongera aliusimamisha ua wake, akafungua kamba nguzoni na kuizungusha mkononi. Igoki alimwambia abaki nayo. Jioni ile Gatakaa alirudi kwake na nguo zake zote, na Igoki akapika viazi sebuleni, akala viwili zaidi ya kawaida yake. Kabla ya kulala alifukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi. Upepo wa mlimani ulikuja, ukaisukuma nyumba, ukaizunguka, ukaenda.

Asubuhi aliamka, akatoka kukama, na hakuwa na kitu cha kutafuta. Kule karibu na barabara lori la mwanakandarasi yuleyule lilikuwa limesimama kwenye kiwanja cha jirani mwingine, Kiunga, na vibarua walikuwa wakipanga mawe juu ya nyasi. Kiunga alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, akiuliza jambo. Igoki alimaliza kukama. Alichuja maziwa, akajaza chupa, akashuka mpaka kwa mkewe Kiunga kumpelekea, na kumwambia kwamba atakapovunja jiko lake la zamani, asiyatupe mafiga.