Weusi wa Ngalula Chupani

Jumatatu asubuhi Makiese alifuta meza yake kwa karatasi kuukuu, akaweka juu yake picha ya mwimbaji Ngalula Bipendu, akaanza kutafuta mahali pa kuweka jina la jarida. Jarida liliitwa Mabina. Wauzaji wa mtaa wa Matonge walilining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, moja likilalia jingine, kwa hiyo mpita njia aliona sehemu ya juu tu: jina, paji la uso na macho. Makiese aliyakoleza macho kwa wino ili yamtazame mnunuzi popote aliposimama. Mkono ulioshika kipaza sauti aliuacha uonekane kwa sababu ya kucha zake nyekundu. Nywele hakuzigusa kabisa. Wanawake wa Kinshasa walinunua Mabina wakalipeleka kwa msusi na kumwambia, nisuke hivi. Jalada lililokata nywele lilirudishwa ofisini likiwa na vumbi.

Mhariri, raia Ekofo kama watu walivyoitana siku hizo, alikuja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yake.

"Mzuri huyu," alisema. "Lakini mbona mweusi hivi?"

"Ndivyo alivyo."

"Sikuulizi alivyo. Nakuuliza, kijana aliyesimama ng'ambo ya barabara atamwona? Na mama anayejipaka mikorogo yake kila asubuhi atanunua nini hapa? Msafishe, kaka."

Makiese alichovya pamba kwenye dawa akaanza na paji la uso. Weusi ukatoka kama ulivyotoka siku zote, mzito, wenye uvuguvugu, naye akaukamulia kwenye chupa iliyokuwa ya mayonezi. Alipomaliza mkono na kufika kifuani, picha ilipoishia, chupa ilikuwa karibu kujaa. Akaifunga, akaandika jina la mwenyewe, akaipanga rafuni pamoja na za waimbaji wengine.

Jarida lilitoka Alhamisi. Asubuhi hiyo Ngalula alikuwa uani kwake Ngiri-Ngiri, anafua. Alianza kupauka kwenye paji la uso, kisha mashavuni, kisha shingoni, hadi kifuani, na hapo rangi ikakoma kwa mstari ulionyooka kama pindo la kitambaa. Mkono wa kulia nao ukapauka hadi kwenye kiwiko. Wa kushoto haukuwa kwenye picha.

Jirani aliyekuwa akitwanga majani ya pondu alimtazama.

"Kumbe gazeti limetoka," alisema. "Hongera, dada. Utatununulia bia."

Kwa kweli mambo yalimnyookea. Kabla ya wiki kwisha hapakuwa na Mabina hata moja kwenye kamba za Matonge. Mwenye ukumbi wa Victoire, ambaye zamani alimwambia sauti anayo lakini sura ya kuwekwa kwenye bango hana, alimtumia mtu na maua. Ngalula aliimba Jumapili mbili mfululizo, na watu walijaa hadi wengine wakasimama juu ya viti.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Binti yake Odia, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikubali chakula kutoka mkono wa kushoto tu. Tonge la kwanga likija kwa mkono wa kulia aliligeuzia uso. Siku moja mama yake alimwita aje kusukwa, mtoto akabaki mlangoni.

"Mama akirudi atanisuka," alisema.

"Mama ndiye mimi."

"Wewe ni wa gazetini."

Ngalula alijifunga kitenge, akaenda ofisini kwa Mabina. Ekofo alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akaagiza soda.

"Kuna kitu changu mlichukua," Ngalula alisema. "Nimekuja kukifuata."

"Mama, sisi tumekupa, hatukuchukua! Mji mzima unakusema wewe. Nani alikuburuta kuja hapa?"

"Nilikuja kupigwa picha, papaa. Sikuja kuchunwa."

Ekofo alitazama saa yake. "Makiese, mpe chupa yake. Lakini mama, ukishajipaka hiyo, usije tena kulia kwangu."

Makiese alishusha chupa, akaifuta vumbi, akampa na pamba safi. Ngalula alijipaka palepale mbele ya kioo cha dirisha, taratibu, kwanza mkono, kisha kifua, kisha uso. Ilitosha, ila nyuma ya sikio moja palibaki doa dogo lililopauka. Makiese alikumbuka kwamba alimwaga tone sakafuni, na mfagizi akapadeki.

"Hilo nisamehe," alisema.

"Wewe utaendelea na kazi hii?" Ngalula alimwuliza.

Makiese aliinamia meza, akaanza kupanga wembe na kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Ngalula aliondoka bila kunywa soda.

Jioni ile Odia alisukwa, akala kwa mikono yote miwili ya mama yake, akalala mapajani mwake.

Jumapili mchana Ngalula alifika kwenye ukumbi na viatu vyake vya jukwaani ndani ya mfuko. Askari wa mlangoni alikuwa na Mabina mkononi. Alilitazama jalada, akamtazama yeye, akalitazama jalada tena.

"Ngalula ni huyu," alisema. "Wewe nani?"

"Ndiye mimi, baba. Niimbe?"

"Imba."

Aliimba palepale kwenye ngazi wimbo wake ule wa mjane wa Bandundu, tangu mwanzo hadi mwisho. Askari alivua kofia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa jarida.

"Unamwiga vizuri sana," alisema. "Lakini rudi nyumbani, mama. Ngalula mwenyewe anakuja sasa hivi."

Ndani, bendi ilingoja hadi watu wakaanza kupiga miluzi. Mwishowe mkuu wa bendi alichukua nakala ya Mabina, akaibana kwenye kipaza sauti kwa kibanio cha nguo. Magitaa yakaanza. Watu walicheza hadi jasho likawachuruzika, wakalitunza jalada noti, na kesho yake mtaani walisema sauti ya Ngalula haijapata kutulia kama jana. Wiki iliyofuata bendi ilifanya vivyo hivyo. Ngalula alianza kuimba kwenye matanga, ambako watu walikuwa wameinamisha vichwa.

Mwezi mpya ulipoingia, mwanamke mmoja kutoka Lemba alikuja ofisini na binti yake, Bolumbu, msichana wa miaka kumi na sita mwenye sauti iliyowanyamazisha hata wapiga chapa walipomsikia. Picha yake ilikuwa tayari mezani.

"Yule wa mwezi uliopita mlimsafisha mpaka wapi?" mama aliuliza.

"Mpaka kifuani," Makiese alijibu.

"Wangu mfikisheni miguuni. Nimeleta picha nzima makusudi."

Makiese alimtazama Ekofo. Ekofo alikuwa anakoroga chai.

"Mama," Makiese alisema, "jarida likitoka hutamjua. Angalau uchukue chupa zake. Siku akizihitaji ziwe karibu."

"Tukaziweke wapi, papaa? Sisi tunalala watu wanane chumba kimoja. Zibaki hukuhuku."

Ekofo alisogeza chupa tupu mezani, akaongeza na ya pili. Makiese alichovya pamba. Alipoigusisha kwenye picha, Bolumbu, aliyeketi mbali ukutani, alifumba macho akainua uso kidogo, ili amrahisishie Makiese kazi.