Hodi ya Tatu Jukwaani

Jana usiku niliota duka la mdogo wangu Mwamvita limeshaondoka Tabora. Nilipolifikia lilikuwa limepita njia panda ya Nzega, linatembea kwa miguu ya cherehani, ile miguu ya chuma, kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuaga. Mwamvita mwenyewe amekaa dirishani, anatia mafuta mashine ya mteja kama kawaida yake.

"Mwamvita, mnakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Liulize duka."

Sikushangaa. Nimetembea sana katika maisha yangu, nimeona vituko kuliko hicho. Kilichonikera ni kwamba safari hii anayeachwa ni mimi.

Aliyejibu ni cherehani ya mbele, nyeusi, ya zamani, yenye sauti ya bibi anayeumwa meno. "Tumefungua jukwaa mtandaoni ili mafundi cherehani waje waulizane maswali. Leo siku ya arobaini. Mwanachama ni mmoja, naye ni mwenye duka. Asubuhi anajiuliza swali, jioni anajijibu. Sasa tunawafuata wanachama huko waliko. Tusipompata hata mmoja kabla ya alasiri, hatugeuki tena."

"Na Mwamvita?"

"Yumo ndani. Kwani umeona ana mlango mwingine?"

Hapo ndipo nikaanza kukimbia kwelikweli. Mimi nikifa, mtu wa kupigiwa simu ni Mwamvita. Hakuna wa pili.

Mbele tunamkuta fundi Maganga wa Isevya, anashona suruali huku ameivaa. Mwamvita anachungulia.

"Fundi Maganga, si nilikutumia mwaliko? Mbona hukuingia jukwaani?"

"Nilikuja, dada. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Kimya. Nikarudi zangu."

"Ule ni mtandao, fundi! Unabonyeza tu, unaingia."

"Niingie kwa watu bila kuitikiwa? Mimi nimelelewa, dada." Akakata uzi kwa meno. Suruali ikamvuka, ikasimama yenyewe, ikatangulia kutuonyesha njia.

Mara tumo ndani ya jukwaa. Ni darasa la shule, madawati arobaini, vumbi halijakanyagwa. Mlango uko wazi. Nje wamejaa mafundi, kila mmoja na cherehani yake kichwani, wanapiga hodi kwa zamu, kwa adabu. Wale wa mwanzo wameshaanza kugeuka kurudi makwao.

"Si uwaitikie!" namwambia Mwamvita.

Anafungua mdomo. Ubao unakohoa. Umeandikwa kwa chaki: Sheria ya kwanza, salamu haziruhusiwi, nenda moja kwa moja kwenye mada. Anayevunja anatolewa.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," anasema Mwamvita taratibu. "Niliambiwa watu hawapendi jukwaa linalowapotezea muda."

"Nami natekeleza," unasema ubao. "Mwanachama akiitikia, namtoa. Mwanachama ninaye mmoja, nikimtoa nitabaki kumsomea nani? Aitikie mwingine basi. Lakini awe mwenyeji. Mgeni hamkaribishi mgeni." Ukanigeukia, misumari ikilia. "Wewe mzee, ni wa wapi?"

Swali hilo nimeulizwa Kigoma, nimeulizwa Mombasa, nimeulizwa kwenye foleni moja kule Lubumbashi. Kila mara nimejibu kwamba napita tu. Hodi naijua, nimeipiga kwenye nyumba nisizoweza kuzihesabu. Kuitikia ndiko sijawahi. Sijawahi kuwa na mlango.

Chini ya sakafu miguu ya duka inaanza tena kutembea. Nje, fundi wa mwisho anapiga hodi yake ya tatu. Mwamvita ananitazama vilevile alivyokuwa akinitazama ana miaka sita, mimi nafunga mzigo.

"Wa hapa," nikasema.

"Sikusikia," ubao ukasema.

"Mimi ni wa hapa, we ubao, umesikia sasa? Karibu! Karibuni nyote, piteni ndani!"

Wakageuka. Wakaingia wakivua viatu, wakisalimiana mpaka madirisha yakatoka jasho: habari za nyumbani, watoto hawajambo, mama alipona, na ile mashine yako bado inaruka mshono? Basi mada ikawa imeanza. Ubao ukajifuta wenyewe. Duka likakaa chini, likashusha pumzi.

Niliamkia gesti, Manyoni, simu inaita. Ni Mwamvita.

"Shikamoo kaka. Umeingiaje jukwaani?"

"Marahaba. Jukwaa gani? Simu yangu si hii ya kitochi, isiyoingia mtandaoni?"

"Jina lako lipo hapa, kaka. Umejiandikisha alfajiri. Penye kujaza unakoishi, umeandika 'hapa'."

Mpaka saa nne walikuwa wamejiunga mafundi kumi na saba. Fundi Maganga aliuliza habari ya mshono unaoruka, akaambiwa abadilishe sindano, akabadilisha, umeacha. Sheria ya kwanza haipo tena, na Mwamvita anaapa hakuifuta yeye. Ameshinda akiwaandikia watu karibu, mmoja mmoja, kwa jina. Duka lipo palepale. Cherehani nyeusi haisemi kitu. Mimi nimo ndani ya treni, tumeshapita Itigi. Nashuka Tabora.