Meno kutoka Taya la Concilie

Siku watu wenye bunduki walipomchukua Sylvère, mkewe Concilie alikuwa uani, mtaa wa Nyakabiga, akichambua maharage. Walichukua pia wanaume wengine wa mtaa, wakawapandisha lori. Jioni maharage yakaiva, watoto wakala, na taya la Concilie likaanza kuvimba upande wa kulia.

Uvimbe haukuuma. Ulikua polepole, mgumu kama mfupa, ukiyasukuma meno yake pembeni. Vita viliendelea, naye akaendelea kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mdomo ulipokataa kufunga, alienda kwa Dokta Murhula, mganga wa meno kutoka Bukavu.

“Si kansa, mama,” dokta alisema. “Ila huo uvimbe tutautoa.”

Alipasua fizi, akatoa kifuko kilichojaa meno madogo madogo kama punje za mchele. Moja alilikata jembamba, akalitazama kwa darubini. Gamba gumu nje, mfupa wa jino chini yake, kiini laini katikati: kila kitu mahali pake. Seli zilikuwa tulivu, hakuna iliyomvamia jirani yake.

“Ni ya watu mbalimbali,” alisema akinawa mikono. “Nenda uwape wenyewe.”

Concilie aliyapeleka mtaani kwenye sahani. Wake wa waliochukuliwa hawakuhangaika kuyatambua. Dorothée aliokota lililokuwa na rangi ya tumbaku.

“Huyu wangu. Hata mule ndani alikuwa anavuta!”

Walicheka, kisha wakalia. La Sylvère lilikuwa limemeguka pembeni, kwa kufungulia chupa za bia.

Wakaanza kuchimba makaburi. Bila maziko hakuna kuganduka, ile karamu ya kumaliza kilio, na wao walikuwa wamechoka kuambiwa wangoje. Shefu wa mtaa, Rénovat, akaja mbio, akamkabili Concilie.

“We Mama Orlane, hao walienda Uvira, ng’ambo ya mpaka! Mutu wa Uvira atuziki hapa.”

“Basi arudi achukue jino yake,” Concilie alimjibu. “Mi namungoja na jembe.”

“Nakukataza.”

“Apana, shefu. Sogea, umekanyaga kaburi.”

Rénovat alisogea. Wakazika, na wakati ulipofika wakaganduka. Hakuna aliyeulizwa habari za lori. Kwa shefu, wanaume wale bado wako Uvira.

Kisha lori lilipita mtaa wa Buterere, likabeba wanaume, na taya la kushoto la Concilie likaanza kuvimba. Sasa wanawake wa huko hufika asubuhi, kabla hajaenda sokoni. Huwawekea viti, akakaa kwenye mwanga, akawafungulia kinywa watazame uvimbe umefika wapi.