Unene wa Baba

Umeme ulikatika asubuhi, na kufikia adhuhuri nyumba nzima ilikuwa inategemea betri moja ya sebuleni. Betri hiyo iliendesha koili, duara la waya uliosukwa, iliyolazwa juu ya kifua cha baba. Chini ya ngozi yake kulikuwa na koili ya pili, na pampu yenye betri yake ndogo ya akiba, iliyosaidia moyo wake kusukuma damu. Umeme uliruka kutoka koili ya nje hadi ya ndani bila waya kutoboa ngozi. Pampu ikizima, baba hamalizi saa.

Gari la hospitali lilikuwa limekwama ng'ambo ya daraja lililofurika. Dereva alipiga simu kusema anakuja, akapiga tena kusema anajaribu, kisha akapiga na kusema mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Koili ile aliisuka binti yake, ambaye baba alimwita Fundi tangu utotoni, alipoifungua redio ya nyumbani akashindwa kuifunga. Sasa alifanya kazi kwenye karakana ya vifaa vya hospitali, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo: kuhakikisha umeme unaotoka ndio unaofika. Koili ya baba aliijivunia kuliko zote, kwa sababu ilipoteza umeme kidogo sana. Leo kipimo kilimwambia hata nusu haifiki. Uliobaki wote uligeuka joto la bure, na betri ya sebuleni ilikuwa inakata roho.

Alikagua viungio vyote. Alizungusha skrubu ya kurekebisha masafa ya mawimbi mpaka kidole kikamuuma, asifue dafu.

"Imeharibika?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Haijaharibika, mama."

"Sasa ni nini?"

Fundi aliinama kuiweka koili vizuri, na vidole vyake vikazama kifuani mwa baba. Akabonyeza tena. Kifua kilikuwa kimejaa nyama.

Koili hii Fundi aliipima kwenye kifua cha baba alipotoka hospitali, akiwa mifupa mitupu. Tangu hapo mama alijipa kazi moja tu duniani, kumlisha: uji, supu, na "ongeza kidogo tu, baba watoto". Majirani walipomsifu, alitembea kifua mbele. Na Fundi, mhandisi mzima na akili zake, alikuja kila Jumapili akashangilia mashavu ya baba yanavyojaa, asifikirie hata mara moja kwamba kila tonge lilikuwa linaziachanisha koili mbili zile. Koili zikiachana kidogo tu, umeme hupotea. Ujinga gani huu!

Aliikandamiza koili kwa uzito wake wote. Kipimo kikapanda.

"Taratibu, mwanangu," baba aliguna. "Moyo haujaniua, unataka niuawe na mbavu?"

"Vumilia, baba. Nakuomba."

Kila alipolegeza mkono, kipimo kilishuka. Koili ilikuwa ya moto, ikamchoma kiganja. Alilia kwa hasira na hofu, na hakuweza hata kujifuta machozi.

"Mbona unamkandamiza hivyo?" mama aliuliza.

"Niliisuka vibaya. Kosa langu."

Mama alimtazama usoni, kisha akautazama mkono uliozama katika nyama ya mumewe.

"Ni unene," alisema. "Mimi ndiye niliyemnenepesha."

Fundi alizidi kukandamiza.

"Nigawie na mimi lawama hizo, mke wangu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilikula mwenyewe."

Mama alijifunga kitambaa viganjani. "Nipishe," alimwambia binti yake, akapanda kitandani kwa magoti na kukandamiza kwa mikono miwili. Kipimo kilipanda kuliko kilivyopanda kwa Fundi. Akiba ya betri ya pampu ikafika robo, ikaisogelea nusu. Kisha taa ya betri ya sebuleni ikazima.

Fundi alitega sikio. Pampu ilikuwa bado inafanya kazi. Akiba hiyo ingemfikisha baba jioni, labda, na mpaka hapo ama umeme urudi ama daraja lipitike. Koili ya nje sasa ilikuwa waya tu. Alifungua mdomo amwambie mama aachilie, akashindwa.

Mama alikuwa amefumba macho. Mikono hakuiondoa.

"Imefika wapi?" aliuliza.

"Inapanda, mama," Fundi alisema.