Habari Isiyo na Jicho

Siku aliposikia sauti yake mwenyewe ikitangaza mafuriko, msomaji wa habari alikuwa uani, mikono imezama kwenye povu, anafua sare za binti yake wa chekechea. Redio ilikuwa dirishani.

"Milango ya bwawa inafunguliwa," ilisema redio kwa sauti yake ile ile, tulivu, iliyonyooka kama shati lililopigwa pasi. "Wakazi wote wa bondeni, hameni sasa. Msisubiri."

Binti yake wa miaka minne akaangua kicheko, akaonyesha dirisha kwa kidole. "Mama, uko ndani ya redio na uko nje!"

Maneno hayo aliyasema kweli, ila hakuyasema siku ile. Aliyasema miezi mitatu nyuma, ndani ya chumba chenye kuta za sponji, alikokaa wiki nne nzima akisoma orodha ndefu ya sentensi: tarakimu, majina ya mitaa, salamu za pole, salamu za pongezi, matangazo ya hatari. Mwenye kituo alimwambia mashine itajifunza sauti yake, iwe inasoma taarifa za alfajiri, ili yeye apate kulala na mwanawe mpaka kuche. Mama gani angekataa? Alitia sahihi huku anatabasamu.

Sasa mashine ilikuwa kwenye majaribio, na jaribio moja likaponyoka likaenda hewani mchana kweupe. Watu wa bondeni walitoka mbio na magodoro kichwani, wengine na kuku kwapani, wakapanda mtaa wa juu wakakaa kuyasubiri maji. Maji hayakuja. Waliporudi jioni walikuta milango imevunjwa. Mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuta meza yake ya kazi imebaki miguu minne na vumbi. Cherehani ilikuwa imekwenda, na magauni matatu ya wateja nayo yamekwenda.

Kituo kiliomba radhi hewani. Kiliomba kwa sauti ile ile.

"Wananikosea kwa mdomo wako, halafu wananiomba radhi kwa mdomo wako," Mama Mdogo alimwambia. "Wewe mwenyewe umebakiwa na nini cha kusemea?"

Aliinama, akaanza kufagia vumbi chini ya meza.

Zamani pale kituoni kulikuwa na utaratibu wao. Mhariri wa kwanza, mwanamke mfupi mwenye maneno makali kama pilipili, hakuruhusu habari isomwe kabla haijapata jicho. Kila karatasi ilichorwa jicho pembeni, na ndani ya jicho unaandika mtu aliyeona: mlinzi wa daraja, muuza maji, mkunga. Mtu, si ofisi. Unampigia, unamuuliza, "Umeona kwa macho yako?" Akisema ameambiwa, jicho linabaki tupu na karatasi inakwenda kapuni. "Siwalishi watu uvumi mimi," mhariri alikuwa akisema. "Wakitaka uvumi waende saluni, kule angalau wanasukwa."

Mashine ilipokuja, mhariri alipewa keki na barua, akaenda zake. Habari zikawa zinatokea kwenye kioo cha kompyuta, zimeshaandikwa, zimenyooka, hazina jicho. Ndege wameanguka kutoka kwenye nyaya kwa joto. Misitu inaungua mahali ambapo watu walizoea kuvaa sweta. Majirani wamechomeana nyumba kwa sababu ya picha, na picha yenyewe baadaye ikaonekana ilitengenezwa na mtu aliyekaa kitini nchi nyingine. Wafanyakazi mia tatu wameambiwa kazi yao sasa inafanywa na kitu kisichokula wala kuugua. Alizisoma zote kwa sauti yake tulivu, akarudi nyumbani kichwa kinavuma kama mzinga. Jioni, kabla ya kulala, alikaa na daftari lake akachora macho, moja kwa kila habari, akijaribu kukisia nani angekuwa ndani yake. Kurasa zilijaa macho matupu yanayomkodolea. Hata hivyo hakuacha. Alijiambia kwamba mtu akizipanga habari vizuri, moja baada ya nyingine, lazima mahali fulani pataonekana mlango. Alikuwa na mtoto, hakuwa na nafasi ya kuamini vinginevyo.

Wiki mbili baada ya jaribio, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, kioo kilimwandikia: *Kina cha bwawa kimepita alama nyekundu. Milango kufunguliwa saa nane mchana. Wakazi wa bondeni wahame.*

Alimgeukia kijana msimamizi wa zamu. "Hii ni ya kweli?"

"Imetoka kwenye mfumo."

"Mfumo umeitoa wapi?"

"Kwenye mfumo wa bwawa, dada."

"Na nani kaona?"

"Dada yangu, usianze mambo ya macho leo. Mimi si daktari." Alipoona hacheki, akashusha sauti. "Mvua kule juu imepiga wiki tatu. Mimi nafikiri ni kweli. Isome."

Aliisoma mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwishoni akaongeza maneno ambayo hayakuandikwa: "Ndugu zangu, huyu ni mimi. Si mashine. Nawasihi, hameni."

Jumbe za wasikilizaji zikaanza kumiminika. *Tumewazoea.* *Mara hii mmetuma wezi wangapi?* Mwingine akaandika, *Hongereni, mashine imeshajua kusema si mashine*, na chini yake watu mia wakaweka vicheko.

Alimpigia Mama Mdogo. Simu iliita mpaka ikachoka. Akavua vipokea sauti, akaviweka mezani, akatoka. Chekechea ya binti yake ilikuwa mtaa wa juu, inafunga saa saba. Alihesabu kwa vidole: ana saa mbili na nusu kumtoa Mama Mdogo na kuvuka daraja la kwenda mtaa wa juu kabla askari hawajalifunga. Zinatosha, alijiambia. Zinatosha kabisa.

Bondeni maisha yalikuwa yakiendelea kama kawaida, na ndicho kilichomtisha. Kinyozi alikuwa ananyoa. Mwanamke alianika mashuka. Jua lilikuwa kali, ardhi kavu, hata dalili ya wingu haikuwapo. Alipopita, kinyozi akapaza sauti, "Haya jamani, redio imekuja kwa miguu!" Wateja wakacheka.

Mama Mdogo alikuwa kizingitini, miwani puani, anakunja pindo la sare ya shule kwenye cherehani ya kuazima. Mguu wa meza ulikuwa umefungwa mnyororo, na mnyororo umefungwa kwenye nondo ya dirisha.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Hao watu wako hawakupi hata chai?"

"Mama Mdogo, inuka twende. Maji yanakuja saa nane."

"Nimesikia." Hakuacha kushona. "Umelisema vizuri sana. Hata lile la kutusihi lilinigusa."

"Nilikuwa mimi kweli!"

"Najua ni wewe, mwanangu. Nimekulea, nitashindwa kukujua?" Akakata uzi kwa meno. "Sikatai kwamba ni wewe. Nauliza, nani kaona?"

Msomaji wa habari alilijua swali hilo. Ni yeye aliyewahi kuja hapa, miaka hiyo, mshahara wake wa kwanza mfukoni, akamweleza Mama Mdogo habari ya jicho kwa majivuno, mpaka Mama Mdogo akawa anawauliza hata wateja wanaoleta umbea.

"Imetoka bwawani," alisema.

"Bwawa lina mdomo?"

"Ngoja." Akatoa simu, akatafuta namba ya ofisi ya bwawa, akaipiga, akaweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie. Iliita mara mbili, ikapokelewa.

"Karibu katika ofisi ya bwawa," ilisema sauti yake. "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

Walitazamana. Mama Mdogo ndiye aliyeanza, mabega yakatikisika kwanza, kisha kicheko kikamtoka, akashika mbavu. Na yeye akacheka, hakuweza kujizuia, wakacheka wote wawili kama siku zile akiwa binti anafundishwa kutunga uzi sindanoni. Kumbe mwenye kituo alikuwa ameiuza sauti, na walioinunua wameiuza tena. Simu ikaendelea kumwambia kwa upole asubiri, tafadhali, asubiri, mpaka kicheko kikawaishia na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Akakata. Ilikuwa saa sita kasoro.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamke huyu. "Nimeona mwenyewe," alisema. "Nimepita bwawani asubuhi. Nimeyaona maji kwa macho yangu."

Mama Mdogo alivua miwani. "Umeyaona."

"Nimeyaona."

"Yakoje?"

"Kina kimepita alama nyekundu. Hali ni ya hatari. Wakazi wanashauriwa..." Aliisikia sauti yake, akakatiza.

"Ukiwa mdogo, ukisema uongo ulikuwa unatazama chini," Mama Mdogo alisema taratibu. "Siku hizi ukisema uongo unasoma taarifa." Hakuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi. "Nilikuwa karibu kuinuka, unajua? Kidogo tu. Ungesema, Mama Mdogo, sijui, sijaona kitu, ila naogopa, twende. Ningekuja. Kwa ajili ya hofu yako ningekuja."

"Basi naogopa! Sijaona kitu, naogopa sana, twende!"

"Sasa hilo nalo nitajuaje?"

Alimshika mkono akamvuta. Mama Mdogo alikuwa mzito, akajishikilia kwenye meza, mnyororo ukalia. Kinyozi na wateja wake walisogea kutazama, mkasi bado mkononi. "Mwache mama wa watu," mmoja alisema. "Mara hii akiondoka, hata nondo mtang'oa." Akamwachia. Alipiga magoti pale mavumbini, akambembeleza, akamtajia binti yake, akalia. Mama Mdogo alimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Hii cherehani si yangu. Ikiibwa, siku zangu zote zilizobaki nitakuwa nashona kuilipa. Nenda kamchukue mtoto. Maji yakija, nitayaona."

Saa sita na nusu. Alimtazama kwa mara nyingine, akainuka, akakimbia.

Daraja alilivuka wakati askari wanaburuta vizuizi. Alimkuta binti yake langoni na mwalimu wake, mkoba mgongoni. Kutoka pale mtaa wa juu bonde lote lilionekana: mabati, mashuka kambani, njia nyembamba aliyoikimbia. Saa nane ikafika. Ikapita. Kwa dakika kumi nzima aliomba, Mungu amsamehe, kwamba awe amesoma uongo.

Kisha akayaona. Hayakuwa ukuta wa maji kama alivyodhani. Yalikuja rangi ya udongo, mapana, bila haraka, yakisukuma mbele yake matawi, mapipa na mlango wa mtu. Alipiga simu. Safari hii ilipokelewa.

"Mama Mdogo! Naona! Yamefika kwa muuza mkaa, yamepita choo cha shule, panda juu ya bati, sasa hivi, acha kila kitu!"

Kwenye simu cherehani ilisikika inaenda.

"Ni wewe, au ni ile nyingine?"

"Ni mimi!"

"Na ile nayo ingesema hivyo hivyo," Mama Mdogo alisema, kwa huzuni, kama anayemwonea huruma mgeni aliyekosea nyumba. Akakata.

Akapiga tena, haikupatikana. Pembeni yake watu walikuwa wamejipanga, simu juu, wanachukua picha. Mwanamume mmoja hakuwa anatazama bonde. Alitazama kioo cha simu yake, picha ya bonde hilo hilo aliyotumiwa dakika ile. "Hii ya zamani," alimwambia mwenzake. "Nimeshawahi kuiona." Mwenzake akamgeuza kichwa kwa mkono, taratibu, atazame mbele.

Alimwacha binti yake mikononi mwa mwalimu. Mtoto akamlilia, akatamani kurudi ambusu, hakurudi. Aliteremka mpaka pale barabara ilipozama majini, akasimama, maji ya udongo yakimzunguka miguuni. Kule chini mashuka yalikuwa bado kambani, lakini kamba haikuonekana. Paa la Mama Mdogo alilijua kwa viraka vyake viwili. Akalitafuta, akalipata. Hapakuwa na mtu juu yake. Baadaye kidogo na lenyewe likainama upande, likaondoka na mengine.

Aliita. Aliita bila simu, kwa koo, mikono imezunguka mdomo. Aliita mpaka sauti ile nzuri ikapasuka, ikawa mkwaruzo tu, sauti mbaya ambayo hakuna aliyewahi kumwomba airekodi, na kwa sauti hiyo akaendelea, Mama Mdogo, Mama Mdogo, akinyamaza kila baada ya wito ili asikilize.

Maji yalikuwa na kelele nyingi. Alisogea hatua moja mbele, akaita tena, akanyamaza.