Mwani wa Mkamwana Wangu

Wifi yangu Epifania alisema hadharani, nje ya kanisa, watu wote wa Milanzi, huku kwetu Rukwa, wakisikia, kwamba mtoto wa kaka yake hataoa mwanamke wa pwani. "Watu wa pwani hawajui jembe," alisema. "Atakuja kukaa kivulini asubiri kulishwa." Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la shangazi ndilo lingemfungulia binti mlango au kumfungia. Nilimjibu kwamba mwanangu Nestory si mjinga. Rohoni niliogopa, ila sikumwonyesha. Epifania ukimwonyesha hofu anaijengea nyumba.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Serikali ilikuwa imeacha kununua mahindi yetu, wachuuzi wakaja na malori na bei zao wenyewe. Nestory alikwenda kutafuta kibarua Tanga, akampata huko Rhoda, akamleta tumwone kabla ya mambo ya mahari.

Walifika asubuhi, miguu ya binti imevimba kwa safari ya basi. Alipiga goti. "Shikamoo mama." Kisha akanipa kifurushi kwa mikono miwili. "Mama, huu ni mwani. Ni kazi ya mikono yangu, nimeuleta muuone." Nilipokea kwa furaha, nikampeleka kulala. Nestory akatoka kwenda mtaa wa Majengo kusalimia rafiki zake.

Sasa, nyumbani kwangu kapu la mgeni haliulizwi maswali. Alichokuja nacho mkwe kutoka kwao kinapikwa siku hiyohiyo, wenyeji wanakila, na kinakwisha. Kikibaki, umemwambia kwamba kwao ni kubaya. Na mimi Coleta sijawahi kumwambia mtu hivyo.

Nilifungua kifurushi nikakuta vijitivijiti vikavu, vimesokotana, vina chumvi nyeupe juu. Nikajua ni mboga ya kukausha, kama sisi tunavyokausha majani ya kunde tuyale kiangazi. Nikaloweka, nikaosha, nikabandika jikoni. Ukalainika, kisha ukaanza kuyeyuka, mwiko ukawa unavuta utelezi. Nikacheka peke yangu. Kumbe mlenda! Mlenda nani atanifundisha? Nikatia karanga za kutwanga, nikasonga ugali wa ulezi, nikamwita Epifania na jirani yangu mzee Modesti waje waone mkwe amekuja na nini.

Nikaonja. Jamani, sitasema uongo: haukuwa mtamu. Utelezi ulikuwa wa mlenda kweli, lakini ndani mlikuwa na vipande vilivyokataa kuiva, vinalia kwenye meno, na harufu yake sijawahi kuikuta hata kwa samaki wa Ziwa Rukwa. Modesti alimeza tonge la kwanza bila kutafuna, macho yakamtoka.

"Mama Nestory," alisema, "mboga hii ya pwani ina nguvu."

"Kula," nikamwambia.

Epifania alikula akinitazama. Nilimjua. Alikuwa anasubiri mimi niache, ili atangaze kwamba binti ametuletea takataka. Nikachovya tonge kubwa kuliko la kwanza, nikalimeza huku nikimtazama usoni. Naye akachovya. Tukaendelea hivyo, wanawake wawili wazima, kila mmoja akimngoja mwenzake ashindwe.

Ndipo Nestory akarudi, na Rhoda naye akatoka chumbani. Mwanangu alichungulia bakuli, akaangua kicheko.

"Mama! Huo hauliwi! Unauzwa kwa Wazungu, wanaupeleka viwandani!"

Epifania akaweka tonge chini. "Kwa hiyo tumelishwa taka," alisema taratibu. Nilimwona binti amesimama mlangoni, nikajua ndoa imekwisha.

Lakini Rhoda hakulia. Alimgeukia Nestory, akamwambia, "Wewe nyamaza, unacheka nini?" Kisha akapiga goti mbele ya shangazi.

"Si taka, shangazi. Ni shamba langu. Maji yakitoka naingia baharini, napigilia vigingi, nafunga kamba, kwenye kamba nafunga mbegu mojamoja. Napalilia, maana bahari nayo ina magugu yake. Ukikomaa navuna, naubeba kichwani umelowa, naanika. Mlango wa nyumba ya mama yangu nimeutia mimi kwa mwani huo."

"Unalima," Epifania alisema, kama mtu anayehakikisha.

"Nalima."

"Lete mikono."

Aliishika ile mikono, akaigeuza. Viganja vilikuwa vigumu, vidole vimechanjwachanjwa na kamba. Aliipapasa kwa kidole gumba muda mrefu.

"Na nyinyi wenyewe hamuuli?"

"Sijawahi kuonja, shangazi."

"Unalima kitu hujui ladha yake!" Epifania alishangaa kweli, hasira zikamtoka. Akalisukuma bakuli mbele yake. "Onja shamba lako."

Rhoda alikata tonge, akachovya, akatafuna. Alitafuna sana. Sote tulikuwa tunamtazama mdomo. Angeweza kunisifu, angeweza kudanganya kwa adabu, na nani angemlaumu?

"Shangazi," alisema, "ni mbaya."

Epifania alicheka mpaka akashika mbavu. Modesti naye akacheka, akasukuma sahani yake pembeni kwa shukrani. Mimi nilijivuna: binti yule alikuwa amesema kweli mbele ya mwanamke ambaye mimi, miaka yote hiyo, nilikuwa namjibu kwa ubishi tu. Nikanyoosha mkono niliondoe bakuli.

"Acha hapo," Epifania alisema. Alimkalisha Rhoda kwenye mkeka ubavuni pake, akakata tonge jingine, akachovya. "Mimi simwagi kazi ya mkulima mwenzangu."

Mkulima mwenzangu. Nilisikia kwa masikio yangu, na Modesti ni shahidi.